Siri ya Mgonjwa Mikononi mwa Muuguzi: Kulisoma Upya Azimio la 79 la Majma'u ya Fiqhi

 

Miezi kadhaa iliyopita dada mmoja muuguzi alibaki nyuma baada ya darsa ya akina mama, akasubiri wenzake watoke, kisha akaniuliza mas-ala. Anafanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya ngono. Mwanamume mmoja alipimwa hapo akakutwa na virusi vya UKIMWI (VVU), akamsihi asimwambie mtu yeyote, na wa kwanza asimwambie mkewe. Mke ana mimba changa, na muuguzi anamfahamu. "Nikinyamaza nimemkhini mwanamke, nikisema nimemkhini mwanamume," akaniambia. Hakunitajia jina wala mimi sikumuuliza, na hapa nimegeuza yote yanayoweza kumtambulisha mtu.

Kabla ya kuja kwangu alikwishamuuliza imamu mmoja. Imamu alimjibu kuwa ni wajibu amwambie mke siku hiyo hiyo, na akichelewa yumo katika dhambi. Dalili aliyompa ni azimio nambari 79 (10/8) la Majma'u ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, lililotolewa katika kikao cha nane huko Bandar Seri Begawan, Brunei, mwezi Juni 1993. Nilirudi nyumbani nikalitoa azimio hilo kwa Kiarabu chake, nikalisoma neno kwa neno. Ninachokiandika hapa ni matokeo ya kusoma huko: azimio halisemi alichokisema imamu, na upungufu lilio nao haupo pale tunapoudhania.

Azimio linaanza kwa kuieleza siri ni nini, na hapa maulamaa wa Majma'u wanastahili shukrani. Hawakuishia kwenye maneno ambayo mtu amemnong'oneza mwenzake akamtaka ayafiche. Waliingiza pia jambo ambalo hali yenyewe inaonyesha kuwa mwenyewe anataka lisitirike, na jambo ambalo kwa ada ya watu hufichwa, na aibu za mtu na mambo yake ya ndani asiyopenda watu wayaone. Asili ya hayo ni hadithi ya Jabir bin Abdillah (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mtu akizungumza kisha akageuka kutazama huku na huku, mazungumzo yale ni amana. Hakusema "nifichie", shingo yake imesema. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki hizi amewaona watu wa namna hiyo: mtu amevuta kofia hadi kwenye nyusi, anaingia, anatazama nyuma, ndipo anasogea dirishani. Kwa ufafanuzi huu, siri anayoibeba muuguzi haianzi kwenye majibu ya maabara. Kule kufika tu kwa mtu mahali pale ni siri. Kumwita majina yake matatu kwa sauti mbele ya umati, au kumpa daftari la rangi ambayo mtaa mzima unaijua, tayari ni kumfichua.

Maswahaba walilelewa na adabu hii tangu utotoni. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa mtoto anayecheza na wenzake, Mtume (s.a.w.) akamtuma haja yake, akachelewa kurudi nyumbani. Mama yake, Ummu Sulaym (r.a.), akamuuliza kilichomchelewesha. Akasema ni haja ya Mtume (s.a.w.), nayo ni siri. Mama hakumbana, alimuusia asimwambie mtu yeyote. Kisa hiki kimo katika Sahihi Muslim. Ni mama wangapi leo wenye binti muuguzi wanaomjibu hivyo anaporudi kazini jioni?

Wala jambo hili halikuachwa kwenye adabu peke yake. Al-Shayzari, aliyeandika katika karne ya 6 Hijria juu ya kazi ya muhtasibu, alitaka matabibu waapishwe kiapo cha Hippocrates, wainamishe macho waingiapo kwa wagonjwa, na wasitoe siri zao. Basi wale wanaodhani kuwa kutunza siri ya mgonjwa ni jambo lililokuja na wazungu, na kiapo cha wauguzi kilichotungwa Detroit mwaka 1893 na kupewa jina la Florence Nightingale, wajue kwamba masoko ya Sham yalikuwa na msimamizi wa jambo hilo miaka mia saba kabla yake.

Sasa nije kwenye upungufu. Azimio linasema wajibu wa kutunza siri unazidi uzito kwa watu wa kazi za tiba, kwa kuwa siri ikivuja kazi yenyewe inaharibika. Ni kweli. Lakini limeandikwa kana kwamba kuna tabibu mmoja, mgonjwa mmoja na mlango umefungwa. Hospitali haiko hivyo. Siri ya mtu mmoja inapita kwa karani wa masjala, kwa muuguzi anayempima presha, kwa mshauri nasaha, kwa mtu wa maabara, hadi dirisha la dawa. Je, kila mkono huo ni kuvuja? Na kama si kuvuja, kuvuja kunaanzia wapi? Azimio halisemi. Ajabu ni kwamba jibu limo katika kitabu ambacho wanafunzi wetu wa Kishafi wanakisoma hapa pwani mpaka kurasa zinachanika. Imamu Nawawi katika Minhaj, mlango wa wadia, anasema aliyewekeshwa amana akiiweka kwa mwingine bila ya idhini ya mwenyewe wala udhuru, anadhamini. Lakini maadamu hajaiondolea mkono wake, anaruhusiwa kusaidiwa na mtu wa kuibeba hadi mahali pa hifadhi, au kuiweka katika hazina wanayoshirikiana watu.

Tazama ilivyokaa. Faili la mgonjwa ndani ya kabati la kliniki ni amana katika hazina ya pamoja. Mtu wa maabara anayeipokea chupa ya damu ni mbebaji hadi mahali pa hifadhi. Hawa wamo katika idhini, kwa sababu bila wao mgonjwa hatibiwi. Ama muuguzi wa wodi nyingine anayefungua faili kwa kuwa amemwona jirani yake akipita, huyo si mbebaji. Na yule anayemwambia mumewe usiku, "usimwambie mtu, lakini fulani...", ameiweka amana kwa mwingine bila idhini wala udhuru. Sharti aliloliongeza halimpunguzii kitu, maana yeye mwenyewe alipewa sharti hilo hilo akalivunja.

Nimekawia hapo kwa makusudi, kwa sababu siri nyingi za wagonjwa zinavujia hapo, si kwenye mas-ala makubwa ya mume na mke. Mgonjwa aliyevujishiwa siri mtaani hupanda gari akachukue dawa mji mwingine; nauli ikikosekana, dawa zinakatika. Wapo waliokufa hivyo.

Kifungu alichokishika imamu ni kile cha hali zinazotoka katika katazo. Azimio linakubali kuwa zipo hali ambapo kuficha kuna madhara makubwa kuliko kusema. Katika baadhi ya hali hizo kusema ni wajibu, kwa kanuni ya kutenda dhara jepesi ili kuepusha zito, na kwa kanuni ya kuvumilia dhara la mtu mmoja ili kuzuia dhara la wote. Na likataja wazi kuwa kuzuia uharibifu kwa mtu binafsi kumo humo. Hapo imamu akafunga kitabu. Sentensi, hata hivyo, ina mkia, nao ni neno la Kiarabu taayyana: ikiwa kusema huko ndiko njia pekee iliyobaki ya kuzuia dhara hilo. Wanafunzi wa fiqhi wanalijua neno hili. Fardhi kifaya haimtaayyani mtu ila asipobaki mwingine wa kuitekeleza. Niseme kwa insafu kwamba kwa mpangilio wa sentensi sharti hilo limekuja baada ya kanuni ya pili, na mtu anaweza kudai kuwa haliigusi ya kwanza. Lakini kanuni ya kwanza inalitaka sharti hilo kwa maana yake yenyewe, kwa sababu dhara halihesabiwi kuwa jepesi ikiwa lipo lililo jepesi zaidi yake na hatujalijaribu.

Katika kisa cha dada yetu njia nyingine zilikuwapo, tena karibu. Mwanamume hakuwa amekaa na mshauri nasaha zaidi ya mara moja, naye alikuwa katika mshtuko. Mke mjamzito anapohudhuria kliniki ya mama na mtoto huelezwa kipimo cha VVU na kupimwa kwa ridhaa yake, bila ya kutajwa mumewe. Mume angeweza kuombwa waje wawili wapimwe upya pamoja. Kabla ya milango hiyo kugongwa, huwezi kusema taayyana.

Liko neno la pili ambalo mimi nalilaumu. Kwa kila hali, ya haramu na ya wajibu, azimio limetumia neno moja: ifshaa. Asili ya neno hilo ni kueneza, kitu kitapakae, ndilo kitendo alichokitumia Mtume (s.a.w.) alipotuamrisha kueneza salamu baina yetu. Mwanamke kumjua mumewe hakutapakai popote. Ni kumfikishia mwenye haki haki yake, nako kwa Kiarabu kuna neno jingine, ikhbaar. Na katika kikao hicho hicho cha Brunei maulamaa wale wale walilitumia! Azimio la 82 (13/8), kuhusu UKIMWI, linasema mmoja wa wanandoa akiambukizwa, ni juu yake amwarifu mwenzake na washirikiane katika kujikinga. Ni juu yake yeye mgonjwa. Muuguzi hakutajwa. Maazimio haya mawili yanapasa kusomwa pamoja: wajibu wa kwanza wa kusema uko kwa mume, na muuguzi hausogelei ila kwa kukaimu, baada ya mwenyewe kushindwa au kukataa. Imamu aliyeanza na muuguzi aliutia wajibu shingoni pasipokuwa pake.

Lakini sitaki msomaji aelewe kuwa namtetea mume. Mke ana haki, na haki hiyo ina wakati. Bila ya tiba, mtoto wa mama mwenye VVU yumo katika hatari ya kuambukizwa ya kati ya asilimia 15 na 45. Mama akitumia dawa, hatari hushuka chini ya asilimia 5. Mwezi mmoja wa kumbembeleza mume unaweza kuwa ndio mwezi wa mtoto. Kwa hiyo muda anaopewa mume uhesabiwe kwa siku.

Na akiambiwa mke, aambiwe nini? Hapa azimio limenyamaza, na ninaona ndipo palipohitajiwa fiqhi zaidi kuliko pote. Tunazo habari mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza ni ya Fatima bint Qays (r.a.), iliyo katika Muslim. Aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akamtaka Mtume (s.a.w.) shauri, naye akamweleza wazi kuwa mmoja ni fukara hana mali, na mwingine fimbo haimtoki begani, akamwelekeza kwa Usama. Ya pili imo katika Muwatta ya Imamu Malik: mtu alikuja kuposa, kaka wa msichana akamtajia mposaji kwamba dada yake aliwahi kuteleza. Khabari ikamfikia Umar (r.a.), akampiga yule kaka au karibu ampige, kwa kutoa habari isiyohitajiwa. Mtume (s.a.w.) alitaja kile kitakachomgusa mwanamke ndani ya ndoa, njaa na fimbo, tena kwa aliyeomba shauri na kwa maneno machache. Umar alizuia kutajwa dhambi iliyopita ambayo mwenyewe ameshaifunika. Hakuna mgongano. Kinachofikishwa ni hatari. Asili yake haifikishwi. Muuguzi anaweza kumweleza mke kuwa anahitaji kupima na kujikinga, na kwa nini. Hana ruhusa ya kumweleza mume aliupatia wapi, hata kama mume amemsimulia mwanzo hadi mwisho.

Kosa la kuvuka mpaka huo linaanzia katika lugha yetu wenyewe. Kaswende na kisonono tunaziita "magonjwa ya zinaa". Mke aliyetulia nyumbani kwake akaambukizwa na mumewe, anaandikiwa ugonjwa wa zinaa. Mtoto anayezaliwa na kaswende aliyoipata tumboni mwa mama, naye ana ugonjwa wa zinaa! Tumesoma Suratu-n-Nur aya ya 4 kuhusu wanaowasingizia wanawake watwaharifu bila ya mashahidi wanne, kisha tunalitamka neno hili mbele za watu kana kwamba maabara imeleta mashahidi hao. Kipimo kinashuhudia kuwepo kwa kimelea, basi. Nimefurahi kuwasikia wauguzi wengi siku hizi wakisema magonjwa ya ngono, au yanayoambukizwa kwa kujamiiana. Sisi wa mimbari ndio tuliobaki nyuma.

Na kwa kuwa nimemtaja imamu mwenzangu, sina budi nijitaje mwenyewe. Miaka mingi nyuma nilikuwa nifungishe ndoa, nikasikia minong'ono juu ya bwana harusi. Palikuwa na muuguzi aliyesoma kwangu madrasa alipokuwa mdogo. Nilimpigia simu, nikamuuliza kama kijana yule anahudhuria kliniki yake. Nilijihesabia kuwa niko katika mlango wa Fatima bint Qays. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyenisomesha hadithi ya Anas." Sikuwa na jibu. Walii wa msichana hakuniomba shauri. Mimi ndiye niliyekwenda kuchunguza, na Suratul Hujurat aya ya 12 naihifadhi. Nilichopaswa kufanya ni kuwaita bwana na bibi, niwaase wapimwe pamoja kwa hiari yao, na wapeane majibu wenyewe kwa wenyewe. Cheti anachodai imamu akakitia mfukoni kinamfanya imamu awe mkono mwingine tena wa siri, asiyekuwa mbebaji wala hazina.

Kuna jambo ambalo azimio haliwezi kulaumiwa kwalo, ila sisi tutalaumiwa tukilipuuza. Liliandikwa 1993. Dawa za mchanganyiko za kufubaza virusi zilianza kubadilisha hali kuanzia 1996. Dhara walilolipima maulamaa mizanini lilikuwa kifo kisicho na shaka. Leo imethibiti kuwa mtu anayetumia dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ndoa. Hukumu huzunguka pamoja na illa yake. Mtu wa namna hiyo, hoja ya dharura inayomruhusu muuguzi kuvunja siri yake imedhoofika sana. Kubaki kwa wajibu wake yeye mwenyewe kumwarifu mchumba au mke ni jambo jingine, kwa sababu ndoa haijengwi juu ya tadlisi.

Mwisho wa maelezo yake azimio linataka hali hizi za kutolewa ziandikwe katika sheria za kazi za tiba, zitajwe kwa hasr, yaani zihesabiwe zote bila ya kuachwa mlango wa kukisia, na ielezwe namna ya kusema na nani aambiwe. Ni sharti zuri mno, na kwetu halijatimia. Sheria ya Kenya ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI, katika kifungu cha 24, ilimtaka mwenye virusi awaarifu wote anaokutana nao kimwili, na ikamruhusu daktari kuwaambia baada ya mgonjwa kupewa nafasi ya kutosha akashindwa. Mahakama Kuu ya Nairobi ilikibatilisha kifungu hicho Machi 2015, miongoni mwa sababu ikiwa ni kwamba sheria haikueleza hao wa kuambiwa ni nani hasa. Waislamu wengine walisikitika. Mimi naona majaji, bila ya kukusudia, walidai ile ile hasr ya Brunei. Sheria ya Tanzania ya 2008, kifungu cha 16, inayafanya majibu kuwa ya aliyepimwa, kisha inataja wengine wanaoweza kupewa, akiwemo mume, mke au mwenza. Watu wametajwa, hatua za kuwafikia hazimo katika kifungu hicho.

Hatua hizo ziko katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 juu ya kuwaarifu wenza. Mgonjwa anachagua: amwambie mwenzake mwenyewe, au amwambie mbele ya mtoa huduma, au waafikiane siku kadhaa ambazo zikipita bila ya yeye kusema, mtoa huduma atasema kwa ridhaa aliyokwisha kuitoa. Kwa magonjwa mengine ya ngono mgonjwa hupewa kikaratasi chenye namba tu, bila jina la ugonjwa, ampelekee mwenzake aje atibiwe. Sioni katika hayo kinachogongana na fiqhi. Kinachobaki ni yule anayekataa njia zote. Kwake yeye naona taayyana imefika, na mke ajulishwe; lakini muuguzi asibebe peke yake. Alipeleke jambo kwa mkuu wake wa kazi, wapime sheria ya nchi inaruhusu nini, iandikwe, kisha aambiwe mke peke yake, faraghani. Mama mkwe asiambiwe, wala kaka mtu, wala imamu.

Hayo ndiyo niliyomjibu yule dada, kwa ufupi zaidi, siku tatu baada ya swali lake. Nilimwambia amrudie mwanamume, ampangie siku, amweleze habari ya mimba na dawa, na akubali kukaa pamoja naye siku ya kusema kama anaogopa. Tangu hapo amehudhuria darsa mara nyingi. Anakaa safu ya nyuma, anaandika. Sijamuuliza lililotokea, naye hajaniambia.

Wallahu aalam.